Miaka Kumi na Moja kwa Namba ya Mdogo Wake

"Sipo? Nani hayupo? Miaka kumi na moja nimesimama mbele ya pasi, miguu ikavimba mpaka nikahamia viatu vya kiume, leo mtu kakaa zake kwenye kiti cha kuzunguka anakwambia mimi sipo?"

"Dada, usinifokee. Mimi nimetumwa tu, na aliyenituma ni wewe."

"Nakufokea wewe kwa sababu yeye hapokei simu."

Aliyekuwa akifoka alisimama kwenye korido ya bweni la wafanyakazi, kidole kimoja kimeziba sikio la kushoto, simu imebanwa kwenye la kulia. Kila mtu alimwita Mapasi, kule alikotoka na huku alikokuja, kwa sababu kazi aliyoijua ilikuwa moja: kunyoosha nguo za watu wengine. Aliyekuwa akifokewa ni mdogo wake wa kike wa tumbo moja, muuza mitumba, ambaye tangu utoto aliitwa Chapuchapu kwa kuwa hakuwahi kumaliza sentensi moja kabla hajaanza nyingine. Alikuwa amekaa juu ya robota la nguo kwenye kibanda chake, katika nchi ambayo Mapasi aliiacha mwaka uliopita kwenda kufanya kazi nje, na ndiyo kwanza alikuwa ametoka ofisi ya kodi kumdaia dada yake pesa zake.

"Nimepanga foleni tangu asubuhi," alisema Chapuchapu. "Nikafika dirishani, nikatoa barua yako ya kuniruhusu, nikatoa karatasi zako za mshahara. Karani akaandika jina lako kwenye kompyuta, akatazama, akaandika tena. Akasema huyu hana rekodi. Hajawahi kulipa kodi hata siku moja. Kwa serikali huyu hajawahi kufanya kazi."

"Muongo!"

"Ngoja, sijamaliza. Ndipo akaiona ile namba iliyoandikwa chini kabisa ya karatasi ya mshahara. Akaiingiza. Unajua lilitokea jina la nani?"

Mapasi alikuwa ameshajua. Jambo alilolisahau miaka yote hiyo lilimrudia palepale kwenye korido.

"Langu," alisema Chapuchapu. "Mimi ndiye mpiga pasi, dada. Nina miaka kumi na moja hotelini. Nalipa kodi vizuri sana, karani kanisifu."

Kama kulikuwa na cha kucheka hapo, hakucheka mtu.

Jambo lenyewe lilianza Jumatatu moja, miaka kumi na miwili nyuma. Hoteli moja kubwa ilitaka mpiga pasi aanze kesho yake. Mapasi alikwenda, akapewa shati jeupe la mikono mirefu na pasi ya mvuke, akalinyoosha mbele ya msimamizi kwa dakika nne. Msimamizi akaligeuza huku na huku akitafuta kosa, akalikosa, akamwelekeza kwa karani wa mishahara. Huyo alikuwa bwana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni na hakuna hata moja iliyoandika vizuri. Alitaka namba ya mlipakodi.

"Sina, kaka. Sijawahi kuajiriwa."

"Bila namba sikuingizi. Na ukiomba leo utaipata baada ya wiki tatu." Nyuma ya Mapasi kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wanawake wanne, kila mmoja kakumbatia mkoba wake akiomba Mungu wa mbele yake ashindwe. Karani akawatazama, akamtazama Mapasi, akashusha sauti. "Nyumbani kwenu hakuna mwenye nayo? Lete yoyote. Jina nitaandika lako, namba tutairekebisha baadaye."

Nyumbani alikuwepo. Chapuchapu alijisajili mwaka alipotaka kufungua duka. Duka likafa kabla halijafunguliwa, kadi ikabaki kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya ukoo mzima. Mapasi aliinakili namba ile nyuma ya kiganja kwa kalamu ya wino, akarudi hotelini mbio, jasho likitishia kuifuta. Hakuomba ruhusa. Alimwambia mwenyewe siku ya tatu, wakiwa wanakula, na mwenyewe akajibu mdomo umejaa: "Chukua, mimi naifanyia nini?" Aliiazima kama mtu anavyoazima viatu kwenda kwenye usaili, nia ikiwa kuvirudisha jioni.

Hiyo baadaye haikufika. Mwaka wa kwanza Mapasi alimkumbusha karani wa mishahara, akaambiwa, "Tukiigusa sasa watauliza na ya nyuma. Kodi si inalipwa? Nani kalalamika?" Mwaka wa pili alikumbusha tena, akaambiwa karani yuko likizo. Mwaka wa tatu hakukumbusha. Na lazima lisemwe, ingawa yeye mwenyewe halipendi: ilimfaa hivyo. Mshahara ulikuwa unaingia kwa jina lake, anatia sahihi kwenye daftari kubwa la jalada jekundu, anahesabu, anaondoka. Ile namba chini ya karatasi ilikuwa tarakimu ndogo kama mayai ya chawa. Nani anasoma tarakimu hizo?

Mwaka jana alipopata mkataba wa kwenda nje, mwezi wa nne, hoteli ikamlipa mshahara wa mwisho na kiinua mgongo cha miaka kumi na moja. Kodi ilikipitia kiinua mgongo kile kwa meno yote ya taya mbili. Mapasi alipofungua bahasha aliuliza kama wamempa ya mtu mwingine. Akapandishwa ndege akiwa bado anauliza.

Huko alikokwenda aliwekwa kwenye kiwanda cha kufua nguo za hospitali. Mashuka yanakuja na matoroli, yanatoka kwenye mashine ya kufua yakiwa mazito kama maiti, yanalishwa kwenye roli kubwa la moto, upande wa pili yanatoka yamenyooka na kuunguza vidole. Mapasi alikuwa mlishaji. Mashuka mia nane kwa zamu. Bweni lilikuwa upande wa nyuma wa kiwanda hichohicho, chumba kimoja vitanda sita, na kodi ya kitanda ilikatwa kwenye mshahara hata kabla mshahara haujapata jina.

Kitanda cha chini yake kilikuwa cha mwanamke waliyemwita Mwalimu. Huyu alifundisha shule ya msingi miaka ishirini kwao, sasa alikunja magauni ya wagonjwa wa upasuaji. Alisoma barua za wenzake bure, na matusi alitoa bure pia. Ndiye aliyeiona karatasi ya mwisho ya mshahara wa Mapasi siku alipokuwa akipanga mkoba wake.

"We mwanamke, umeibiwa au umezubaa?"

"Zote mbili. Kwa nini?"

"Mwaka ule ulifanya kazi miezi minne tu kwenu, sivyo? Sasa kodi ya mapato wanaikata kila mwezi kwa kudhani utafanya kazi mwaka mzima. Kipato cha mwaka mzima kingekuwa kikubwa, basi wanakukata kikubwa. Wewe umeondoka mwezi wa nne. Kipato chako cha mwaka ni kidogo, kodi yako ya kweli ni ndogo. Na hiki kiinua mgongo wamekikata kama vile wewe ni mkurugenzi. Kilichozidi ni chako. Unakiandikia barua, unaambatisha karatasi hizi na nakala ya pasipoti kwamba umehama, wanakurudishia."

"Wanarudisha? Hao?"

"Wakiombwa. Wasipoombwa nao hawajisumbui."

Mwalimu alichukua penseli akapiga hesabu pembeni mwa kalenda. Jibu lilipopatikana, Mapasi aliketi. Zilikuwa pesa ambazo, zikibadilishwa kuwa pesa za huku, zingetosha amana ya chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa juu ya duka la fundi viatu, mitaa miwili kutoka kiwandani. Hatua saba kwa tano, dirisha linatazama ukuta, sinki lina ufa. Mapasi alikuwa ameshakwenda kukiona mara tatu. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na katika miaka hiyo hakuwahi kulala chumba ambacho ndani yake hamna mtu mwingine anayepumua. Alizaliwa akawakuta wenzake watatu kitandani. Akaolewa na mwanamume aliyekoroma. Akaachika, akarudi kulala na mama yake na wadogo zake. Akaja nje, vitanda sita, wa karibu na dirisha anaongea usingizini, wa mlangoni anakohoa. Yeye hakutaka dhahabu. Alitaka kufunga mlango kwa ufunguo, akae ndani, asiulizwe na mtu anafanya nini. Mwenye nyumba, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwambia: "Nakushikia mpaka mwisho wa mwezi ujao. Amana ya miezi miwili. Isipokuja, simjui mtu."

Ndiyo maana Chapuchapu alitumwa. Na ndiyo maana korido ya bweni ilikuwa inatetemeka.

"Sasa karani anasema nini?" Mapasi aliuliza, sauti imeshuka.

"Anasema pesa zipo. Zilizozidi zipo palepale kwenye kompyuta, anaziona. Ila mwenye namba ndiye anayeweza kuziomba, yaani mimi. Na sababu uliyoandika ni kuhama nchi, kwa hiyo mwenye namba alete pasipoti inayoonyesha kahama. Mimi sina pasipoti. Mwenye pasipoti ni wewe, na wewe hupo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimefikiri." Chapuchapu akivuta pumzi, jamaa zake huwa wanajiandaa. "Tuache kuhama. Tuseme mwenye namba kaacha kazi tu. Kwa kuacha kazi wanataka barua ya mwajiri, basi. Nikaenda hotelini, usikasirike, nimeshakwenda, nikamkuta yule karani wako wa mishahara, bado yupo, kazeeka. Nikamweleza. Alitokwa na jasho mpaka miwani ikateleza. Anasema ataandika barua kwamba mimi ndiye niliyefanya kazi pale. Namba yangu, jina langu, barua yangu, benki yangu. Wiki tatu pesa zinaingia, nakutumia zote. Sitaki hata senti."

Mapasi alitazama ukutani, pale ilipobandikwa ratiba ya zamu. Wiki tatu. Mwisho wa mwezi ujao ulikuwa wiki tano mbele.

"Fanya," alisema.

Siku tatu alikuwa mtu mwepesi. Alilisha roli huku akipanga kitanda kikae ukuta gani. Siku ya nne, mapumziko ya mchana, picha ya barua ikaingia kwenye simu, na kwa kuwa maandishi yalikuwa madogo akampa Mwalimu amsomee. Mwalimu akasoma kwa sauti ya darasani, wenzao wawili wakisikiliza vijiko mkononi. Barua ilitaja majina yote matatu ya Chapuchapu, ya kwenye cheti, kisha ikaendelea:

"...amekuwa mpiga pasi wetu kwa muda wa miaka kumi na moja. Ni mtumishi mwaminifu, hodari, asiyechelewa wala kulalamika, na kazi ya mikono yake imekuwa fahari ya idara nzima. Hoteli imempoteza kwa masikitiko makubwa."

"Soma tena," alisema Mapasi.

"Umesikia."

"Nimesema soma tena."

Mwalimu akarudia. Mapasi alikuwa na barua mbili tu kutoka hoteli ile, na zote mbili alizijua kwa moyo. Ya kwanza ilikuwa onyo, kwa kuunguza kitambaa cha meza. Ya pili ilikuwa onyo pia, kwa kukutwa ameketi. Miaka kumi na moja, maonyo mawili. Kumbe yale maneno mazuri walikuwa nayo muda wote! Walikuwa wanayatunza wakampe mtu ambaye hajawahi kushika pasi yao hata kwa bahati mbaya.

"Kesho akiulizwa kwa kiapo, mdogo wako atakuwa kadanganya serikali," Mwalimu alisema, akimrudishia simu. "Na wewe ukirudi kwenu ukizeeka, ukatafuta hata karatasi moja ya kuonyesha ulifanya kazi, utakuta yeye ndiye aliyefanya. Lakini chumba utapata. Sikuamulii."

"Hujaniamulia?"

"Mimi mwenyewe ningechukua chumba."

Mapasi alipiga simu akiwa bado ana aproni.

"Chana hiyo barua."

"Nini?"

"Ichane. Nataka jina langu lirudi. Nenda kawaambie ukweli, kwamba namba ni yako na kazi ni yangu, warekebishe."

"Dada, una wazimu? Karani alishaniambia, kurekebisha ni miezi! Kuna viapo, kuna mawakili, kuna faini. Chumba chako je?"

"Chumba ni changu, wacha nikilie mimi."

"Pesa ziko hapa!" Chapuchapu akapandisha. "Nimezipangia foleni, nimekaa kwenye jua, nimembembeleza yule mzee wa kalamu mpaka kasaini, leo unaniambia chana? Kwa sababu ya sifa? Umeona wivu wa barua?"

"Ndiyo. Nimeona wivu. Miaka kumi na moja ya mgongo wangu, wewe unaitwa fahari ya idara?"

"Unataka kusikia kuhusu jina?" Sauti ya Chapuchapu ilibadilika, ikawa ya polepole, jambo ambalo kwake lilikuwa la kutisha. "Basi sikiliza. Sikutaka kukwambia. Unakumbuka niliomba mkopo wa wafanyabiashara wadogo? Mara mbili. Mara mbili wakaniambia huna sifa, rudi nyumbani, hawakusema kwa nini. Juzi nikamuuliza yule karani wa kodi, kwa kuwa alikuwa na kompyuta mbele yake. Akasema mkopo ule ni wa watu wasio na mshahara. Mimi nina mshahara, dada. Mkubwa tu. Wa hoteli. Nimekaa juu ya mitumba miaka yote hii nikidhani nimelaaniwa, kumbe nimeajiriwa."

Kwenye korido, mtu alipita na ndoo akamwambia Mapasi apishe. Hakupisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungenitumia duka kwa posta?"

Hapo ndipo walipaswa kukata simu wasizungumze mwaka mzima, kama walivyowahi kufanya kwa sababu ndogo zaidi. Hawakukata. Vocha iliendelea kuliwa mpaka Chapuchapu akasema, "Sawa. Na mimi nataka namba yangu irudi. Lakini nauli zangu nitaziandika, zote, kuanzia leo. Za mwanzo nilikuwa nakusaidia. Hizi za sasa unanilipa."

"Andika."

Ikawa kama karani alivyosema, na zaidi. Kila mmoja aliapa mbele ya wakili, Chapuchapu kule na Mapasi huku, na muhuri wa huku ukakataliwa kule kwa kuwa ulikuwa wa duara na wao walitaka wenye pembe. Ukapigwa mwingine. Halafu ofisi ikataka ushahidi kwamba mwanamke aliyepokea mishahara ile ni Mapasi na si mtu mwingine. Wakaitwa wote wawili, Chapuchapu dirishani, Mapasi kwenye simu ya picha, amesimama nyuma ya matoroli ya kiwanda ili msimamizi asimwone.

"Nyinyi wawili mnafanana," alisema karani wa kodi, kijana mstaarabu, shati lake limenyooshwa vibaya kwenye kola. "Nitajuaje nani alipiga pasi?"

"Kwanza kola yako imeanzwa upande wa nje, ndiyo maana imefanya mikunjo," alisema Mapasi. "Pili tazama hapa." Akakunja mkono wa gauni, akausogeza mkono wake mbele ya kamera. Kutoka kiwiko mpaka kifundo kulikuwa na mistari, mingine myeusi, mingine mipya ya waridi, kila mmoja mahali ambapo chuma cha moto kilipita. "Mwambie na huyo aonyeshe wake."

Chapuchapu akaonyesha wake, mlaini kabisa, akaugeuza pande zote kama anauza.

Karani alitazama mkono mmoja, akatazama mwingine. Uso wake ulionyesha ameelewa. Kisha akashika tena kipanya cha kompyuta. "Mama, mimi nakuamini. Lakini mfumo hauna mahali pa kuweka mkono. Nahitaji sahihi zako za kupokea mshahara."

Sahihi zilikuwa kwenye daftari la jalada jekundu, na daftari lilikuwa kabatini kwa karani wa mishahara, na karani wa mishahara alisema kabati limepotea ufunguo. Alibakiza mwaka mmoja astaafu, hakutaka mtu afungue kitu. Hapo Chapuchapu alifanya jambo ambalo Mapasi alisimuliwa na baadaye akawasimulia wenzake wa bwenini mara nyingi, ingawa hakuwahi kumsifu mwenyewe kwa mdomo wake. Alibeba robota la mitumba, akaingia nalo kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli, akaketi kwenye sofa ya ngozi katikati ya wageni, akalifungua.

"Suruali, mashati, gauni za heshima! Wahi, wahi! Bei ya kutupa mpaka karani wa mishahara apate ufunguo!"

Walinzi walikuja. Aliwaonyesha barua ya ofisi ya kodi yenye muhuri wa pembe, akawaambia wamsukume kama wanataka na wao waandikwe humo. Mgeni mmoja alinunua koti. Ufunguo ulipatikana kabla hajauza la pili.

Miezi saba ikapita tangu ile simu ya kwanza. Siku moja asubuhi Mapasi alipata ujumbe kutoka ofisi ya kodi ya kwao, wenye jina lake, majina yote matatu, na namba mpya ambayo haikuwa ya mtu mwingine. Ulisema kwamba alifanya kazi miaka kumi na moja. Ulisema kodi iliyozidi ni kiasi fulani. Kisha, mistari miwili chini, ulisema kwamba kwa kosa la kutumia namba isiyo yake anatozwa faini, mwaka kwa mwaka, na kwamba faini imeshakatwa humohumo ili kumwondolea usumbufu.

"Wamekuondolea usumbufu," Mwalimu alisoma. "Watu wa huruma."

Karani wa mishahara aliyesema "lete yoyote" hakutozwa kitu. Hoteli haikutozwa kitu. Kilichobaki hakikufika robo ya amana ya chumba, na hata kingefika, chumba chenyewe kilishapata mtu tangu mwisho wa mwezi ule alioahidiwa, dereva wa malori ambaye hayupo siku tano kati ya saba. Mapasi alipita chini yake kila Jumapili akienda kununua sabuni. Pazia lilikuwa limefungwa upande mmoja tu, limening'inia. Mtu ana chumba chake peke yake, hata kufunga pazia hawezi!

Jumapili hiyo, pesa zilipoingia, hakwenda kununua sabuni. Alikaa ukingoni mwa kitanda chake, wa mlangoni akikohoa, akampigia mdogo wake.

"Nitajie hesabu."

Chapuchapu alikuwa tayari na daftari. "Nauli safari kumi na moja. Wakili. Muhuri wake. Nakala, ukurasa kwa ukurasa, yule wa mashine ni mwizi. Chai ya mlinzi wa ofisi ya kodi, mara mbili."

"Chai ya mlinzi ya nini?"

"Ya kuniweka mbele ya foleni. Ulitaka nilale pale?"

"Mara ya kwanza sawa. Mara ya pili alishakujua."

"Alinijua ndiyo maana akataka tena. Na soda moja."

"Soda nani kakutuma unywe?"

"Jua, dada. Jua ndilo lilinituma."

"Haya. Jumla?"

Chapuchapu akataja. Haikuwa kubwa. Ilikuwa karibu nusu ya kile kilichobaki. Mapasi aliituma hapohapo, yote, na soda ndani yake, bila kupunguza wala kuzungusha, akasubiri huku akisikia upande wa pili kelele za soko na mtu akiuliza bei ya shati.

"Imeingia," alisema Chapuchapu.

"Hesabu iko sawa?"

"Iko sawa."

"Na ule mkopo?"

Yule mteja aliuliza tena bei, hakujibiwa.

"Nimeomba upya wiki iliyopita," alisema Chapuchapu. "Wameniambia sasa nimevuka umri wao kwa mwaka mmoja. Hilo huwezi kulilipa, dada, usianze kujaribu, utanichosha. Hizi za nauli ulikuwa unadaiwa, umelipa, tumemaliza."

Kitanda cha dirishani mtu aligeuka, chuma kikalia.

"Niandikie basi," alisema Mapasi.

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba nimelipa. Kwa jina langu."

Alimsikia Chapuchapu akisonya, akimwambia mteja asubiri, akitafuta kalamu, akigombana na kalamu. Baada ya dakika picha ikaingia: kipande cha karatasi ya kufungia nguo, majina matatu ya Mapasi kwa herufi kubwa zilizolala upande mmoja, kiasi, na maneno "amelipa yote".

Mapasi aliisoma mwenyewe, hakumpa Mwalimu.

"Hujaweka tarehe," alisema.

Chapuchapu akaweka tarehe.